Nyenje, funza wa BSF au wadudu wa kwenye taa: mlinganisho kwa anayelisha kinyonga Mwanza

Anayefuga kinyonga hapa Mwanza hana duka la kukimbilia. Ulaya na Marekani mtu anaingia dukani na kutoka na kikopo cha nyenje wa saizi anayoitaka. Kwetu duka la mifugo litakuuzia chanjo ya kideri na vyombo vya kunyweshea kuku, lakini ukiulizia nyenje utatazamwa mara mbili. Kwa hiyo anayefuga kinyonga anafuga vitu viwili: kinyonga mwenyewe na chakula chake. Na uchaguzi wa chakula hicho, kwa maoni yangu, hauamuliwi na protini. Unaamuliwa na nyumba unayoishi: una ua au huna, jirani yako analala upande gani wa ukuta, na jua la mchana linapiga wapi.

Neno la kisheria lije mapema tulimalize. Kinyonga wa hapa ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hakamatwi wala hafugwi bila kibali, na vinyonga wetu wamo pia katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe pori. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Basi haya ninayaandika kwa mwenye kibali, kwa anayehudumia kituo cha wanyama, na kwa kijana anayetaka kufuga wadudu awauzie hao wawili. Aliyemwona kinyonga kwenye michongoma ya jirani akatamani kumweka kwenye ndoo, amwache hapohapo. Huko anakula vizuri kuliko atakavyokula kwako.

Mlaji mwenyewe

Kinyonga tuliyemzoea, mwenye ngozi iliyoning'inia nyuma ya kichwa mithili ya masikio, hawindi kwa kukimbiza. Anatulia kwenye kijiti, jicho moja linatazama huku na jingine kule, kisha yote mawili yanakutana kwenye kitu kimoja na ulimi unafyatuka. Asichokiona kikitikisika kwake si chakula. Mdudu anayejificha chini ya udongo wa kizimba, hata awe na virutubisho gani, ni hasara. Saizi nayo ina kanuni yake rahisi: urefu wa mdudu usizidi upana wa kichwa cha kinyonga.

Jambo la pili ni kalsiamu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Karibu wadudu wote wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ilhali mwili wa kinyonga unataka kinyume chake. Akila vibaya kwa miezi, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa. Miguu inapinda, taya linakuwa laini, na ulimi unaanza kukosa nguvu ya kufika kwa mdudu. Tazama basi takwimu hizi za gramu 100 za wadudu wabichi waliofugwa (BSF ni kifupi cha black soldier fly, nzi mweusi nitakayemweleza chini). Ni makadirio, kwa sababu mdudu hubadilika kulingana na anachokula yeye:

| | Protini | Mafuta | Kalsiamu | Fosforasi |
|---|---|---|---|---|
| Nyenje wa kahawia, mkubwa | gramu 20 | gramu 7 | miligramu 40 | miligramu 295 |
| Funza wa unga | gramu 19 | gramu 13 | miligramu 17 | miligramu 285 |
| Funza wa BSF | gramu 17 | gramu 14 | miligramu 930 | miligramu 355 |

Ukiishia kwenye jedwali hili utasema BSF ameshinda, tufunge mjadala. Subiri kwanza.

Nyenje

Nyenje wa kufugwa unaoweza kukutana nao ni wa aina mbili. Wa kahawia, Acheta domesticus, ndiye aliyezoeleka zaidi Ulaya na Marekani, lakini kuna kirusi chake ambacho kimewahi kufagia mashamba mazima huko. Mweusi, Gryllus bimaculatus, mwenye madoa mawili ya manjano pale mbawa zinapoanzia, ni mwenyeji wa Afrika na anakistahimili kirusi hicho. Ndiye unayeweza kumkuta chini ya mawe na marundo ya matofali mvua zikishaanza. Mimi namchagua mweusi bila kujiuliza.

Kizazi cha kwanza ulichookota usimpe kinyonga. Kiache kitage, halafu ulishe wale waliozaliwa ndani ya boksi lako. Nyenje wa porini wanaweza kuwa na minyoo, na hujui wamepita kwenye bustani gani.

Vifaa vyote vinapatikana Mlango Mmoja au kwa muuza plastiki yeyote: beseni lenye kina au ndoo ya lita 20 yenye kuta laini wasiweze kupanda, trei za mayai zilizosimamishwa wima ndani yake, na mfuniko uliokatwa katikati ukawekwa wavu wa waya. Waya, si nailoni, kwa sababu nyenje wakikosa shughuli wanatafuna nailoni mpaka wanatoka. Na hapa nisisitize jambo ambalo sijaona likisemwa: usifunike wadudu kwa chandarua cha mbu. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki na shuleni vimewekwa dawa ya kuua wadudu, na hiyo ndiyo kazi yake. Hata kikuukuu kilichotoboka bado kina dawa ya kumaliza boksi zima la nyenje, na wale ambao hawakufa utakuwa umempa kinyonga wakiwa na sumu mwilini.

Kutaga ni raha kutazama. Chukua kopo la majarini, jaza mchanga uliochanganywa na udongo, sentimita tatu au nne, ulowanishe kiasi cha kushikana ukiufumbata bila kuchuruzika. Jike mkubwa ana mrija mwembamba mkiani, mweusi, ulionyooka kama sindano ya magunia. Atapanda kopo, apapase juu ya udongo, achague mahali, kisha achomeke mrija mpaka tumbo liguse chini na kutulia. Anachomoa, anasogea kidogo, anachomeka tena. Ukifukua taratibu siku ya pili utaona mayai membamba ya manjano hafifu yamesimama udongoni. Hamisha kopo kwenye chombo kingine, maana wazazi wakiachwa wataufukua udongo na kuyala.

Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30 mayai huanguliwa kwa siku 10 hadi 14, na nyenje hukomaa kwa wiki sita hadi nane. Mwanza mchana hatuna shida na joto, usiku wa Juni na Julai ndio unaochelewesha. Wafugaji wengine huwasha taa ya zamani ya kupasha vifaranga. Mwenye nyumba ya bati anaweza kuweka boksi juu ya kabati, mahali panapobaki na joto la mchana, mbali na jua la moja kwa moja. Anzisha boksi la pili wiki mbili baada ya la kwanza, la tatu hivyohivyo, ili kila wakati uwe na wadogo, wa kati na wakubwa.

Chakula chao ndicho chakula cha kinyonga kwa mlango wa nyuma. Chakula cha vifaranga kama msingi, pamoja na majani ya sukuma wiki, mlonge, matembele, vipande vya boga na karoti. Mchicha usiutegemee, una asidi inayoifunga kalsiamu. Protini ikipungua wanaanza kulana wao kwa wao, na kwa hilo sisi wa huku tuna bahati: vumbi la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ni rahisi na linawafaa, ila lichekeche kwanza, kwa kuwa dagaa wengi huanikwa mchangani. Kwa saa 24 hadi 48 za mwisho kabla ya kuwatoa, wape majani na mboga kwa wingi. Maji wayapate kwenye sponji iliyolowa au kipande cha tango. Kisahani cha maji ni kaburi la nyenje wadogo.

Adui mkubwa si ugonjwa, ni sisimizi. Wakigundua boksi lako usiku, asubuhi unakuta miguu na mbawa tu. Meza isimame kwenye makopo manne yenye maji na oili chafu juu yake, na isiguse ukuta.

Sasa kasoro. Dume aliyekomaa anaimba usiku kucha, na nyenje mweusi ana sauti kubwa kuliko wa kahawia. Kwenye nyumba za kupanga za Mabatini au Igogo, vyumba vinavyotazamana na dari moja, hili si jambo dogo. "Baba Neema, hawa wadudu wako wanalala saa ngapi?" ni swali ambalo mama mwenye nyumba huuliza mara moja tu kwa upole. Dawa yake ni kuwalisha kinyonga kabla hawajaota mbawa kamili, maana asiye na mbawa haimbi, ubakize madume wachache tu wa mbegu. Kelele zinapungua, haziishi.

Kasoro nyingine ni kwamba nyenje aliyebaki kizimbani usiku anaweza kumng'ata kinyonga akiwa amelala, hasa vidole na mkia. Wahesabu unapowaweka na uwatoe waliobaki kabla ya magharibi.

Funza wa BSF

Wafugaji wa kuku na wa samaki wa vizimba wanamjua kwa herufi hizo tatu. Ni funza wa nzi mweusi mwembamba, Hermetia illucens, ambaye ukimwona kwa mbali utamdhania nyigu mdogo. Haumi, hana mwiba, na akishakuwa nzi hana haja ya kula. Anaishi siku chache, anapandana, anataga, anakufa. Hana tabia ya nzi wa nyumbani ya kutoka chooni kuja kwenye wali.

Sifa yake kubwa iko kwenye jedwali hapo juu. Kalsiamu yake ni zaidi ya mara ishirini ya nyenje, na inaizidi fosforasi, kwa hiyo hana haja ya kupakwa unga wa kalsiamu. Anakula maganda ya ndizi, matunda yaliyooza, mabaki ya jikoni na pumba, gharama ni kama haipo. Katika joto letu anafikia ukubwa wa kulishwa kwa wiki mbili hivi tangu aanguliwe. Akikomaa anakuwa mweusi na anajitoa mwenyewe kwenye chakula kutafuta pakavu. Ukiweka ubao ulioinama kutoka kwenye beseni kwenda kwenye ndoo, atapanda na kujiangusha ndani. Mvunaji hajisumbui.

Basi kwa nini nisiseme mchezo umekwisha? Kwa sababu tatu, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza, harufu. Wanaosema BSF hanuki wanafuga wachache au wana ua mkubwa. Mabaki yenye majimaji yakizidi, beseni linachacha na mtaa mzima unajua. Pumba za mahindi juu yake zinasaidia sana, lakini mfugaji wa BSF anahitaji nje yenye paa, haitoshi chini ya kitanda.

Ya pili, nzi wakubwa hupandana kwenye mwanga mkali wa jua. Kwenye chumba chenye dirisha moja watazaliwa na kufa bila kutaga. Anayetaka mzunguko kamili atengeneze kibanda cha wavu juani, aweke ndani chombo chenye mabaki yanayonuka na vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja vikiachiana mwanya mdogo. Jike hutaga kwenye mianya hiyo, si kwenye chakula chenyewe, na kishada kimoja kina mamia ya mayai. Asiye na ua anunue funza kwa wafugaji wa kuku.

Ya tatu ndiyo nzito, na inahusu alichokula. Funza wengi wa BSF wanaofugwa kwa ajili ya kuku na samaki hulishwa chochote: matumbo ya samaki, samadi, mabaki ya sokoni. Kwa kuku funza huyo anafaa, naye kuku huchinjwa akiwa mdogo. Kinyonga unataka aishi miaka, na funza aliyekulia kwenye samadi au utumbo uliooza ni njia fupi ya kumpelekea bakteria. Muulize muuzaji bila haya. Kama jibu halieleweki, wachukue wakiwa wadogo, uwaoshe, uwalishe wewe kwa matunda, maganda ya mboga na pumba kwa wiki moja.

Ana mafuta pia, mara mbili ya nyenje, na ngozi yake ni ngumu. Kinyonga asipomtafuna vizuri, sehemu ya kalsiamu yote ile inapita na kutoka naye. Kwa hiyo simfanyi kuwa mlo wa kila siku. Weka funza watano sita kwenye kibakuli chenye kuta laini, ukining'inize kwenye tawi usawa wa macho ya kinyonga, mara mbili kwa wiki. Chini hatashuka kuwatafuta, na wakidondoka watajifukia.

Lakini kuna namna ya kumtumia BSF inayonifurahisha kuliko zote. Wale waliokwisha kuwa weusi na wagumu usiwatupe. Waweke kwenye kopo lenye pumba kavu, toboa mfuniko tundu la kidole, uliweke kopo ndani ya kizimba. Baada ya wiki mbili hivi nzi wanaanza kutoka mmojammoja. Wanaruka kivivu, wanatua kwenye majani, wanatembea kidogo. Kinyonga aliyezoea bakuli ataonekana kiumbe kingine: anabadili kijiti, anakadiria umbali, anafyatua. Anafanya mazoezi, na nzi hana mafuta ya funza.

Funza wa unga

Huyu ni mtoto wa mbawakawa mweusi, Tenebrio molitor. Haruki, haimbi, hanuki, anaishi kwenye pumba za ngano au mahindi na kipande cha karoti. Kwa mpangaji wa chumba kimoja hakuna mdudu rahisi kumzidi. Anakua taratibu, miezi miwili mitatu ya ufunza, na ukimweka mahali pa baridi anasimama kabisa, hivyo akiba yake haiharibiki.

Na hapo sifa zinaishia. Kalsiamu hana, mafuta anayo, ganda lake ni gumu. Kinyonga hukinai vyote isipokuwa yeye, na akishamzoea anakataa nyenje, ugomvi ambao unaweza kudumu wiki. Mweke kama akiba ya siku ambayo boksi la nyenje limeingiliwa na sisimizi. Akijichuna ngozi na kubaki mweupe, chagua huyo. Kwa saa chache analainika.

Wadudu wa kuokota

Hapa pwani ya ziwa ndipo tunapowazidi wenye maduka, na ndipo penye hatari zaidi.

Kila mvuvi amewaona wadudu wa ziwani wakiinuka kwa mbali mithili ya moshi mweusi unaosimama juu ya maji. Ni mamilioni ya vijinzi visivyouma vinavyotoka majini kwa pamoja, na baadhi yao hutoka kwa kufuata mwezi, hasa unapoandama. Upepo ukivisukuma nchi kavu, vinajaa kwenye taa na kuta mpaka watu wanafunga madirisha. Kwa kinyonga mkubwa ni kazi bure, ni vidogo mno. Kwa watoto wa kinyonga waliotoka kwenye mayai ni neema. Weka taa nyeupe nyuma ya shuka safi upande wa ziwani, ukung'ute shuka ndani ya mfuko, umwage kizimbani.

Kumbikumbi wa mvua za kwanza za vuli ni chakula kizuri cha siku mbili tatu. Wana mafuta mengi, usijaze. Panzi wa kijani wa majanini ni bora kuliko wote hawa, kalsiamu yao ni ndogo lakini wana nyama, wanatikisika, na kinyonga anawajua tangu porini. Wavunje ile miguu ya nyuma yenye miiba wakiwa wakubwa. Senene nao wanaliwa vizuri, ila ukimpa kinyonga senene mbele ya Mhaya uwe na maelezo ya kutosha.

Wa kukwepa ni hawa. Kimulimuli, hata mmoja: jamii zake zina sumu iliyowahi kuua mijusi wa kufugwa. Panzi wa rangi kali anayetembea polepole kwenye mihogo, mwenye madoa ya njano, machungwa na nyeusi na harufu mbaya akishikwa. Upole wake ni wa mtu mwenye silaha. Viwavi wenye manyoya. Vipepeo wa rangi ya machungwa wanaozaliwa kwenye mimea yenye utomvu mweupe. Na mende wa nyumbani, ambaye ama amepuliziwa dawa, ama atapuliziwa kesho.

Dawa ndiyo shida yenyewe. Usukumani ni nchi ya pamba, na pamba hupuliziwa mara kadhaa kwa msimu. Bustani za nyanya na kabeji za kando ya maji hupuliziwa zaidi. Mahindi nayo hunyunyiziwa kwa sababu ya viwavijeshi. Panzi aliyeanza kulewa ndiye rahisi kumkamata, na ndiye huyo asiyefaa. Ndani ya nyumba zilizopigwa dawa ya ukoko ya malaria usikusanye mdudu yeyote kwenye kuta. Maeneo ninayoyaamini ni majani marefu kwenye vilima vya mawe visivyolimwa, mbali na shamba lolote, asubuhi umande ukiwapo na panzi bado wamepoa.

Waliobaki, kwa haraka

Mnyoo wa hariri ni laini, lakini hali kingine zaidi ya majani ya mforosadi. Mwenye mti ajaribu, asiye nao asahau. Nzi wa nyumbani anaokotwa kwenye uchafu, mwache. Mende wa kigeni wanaosifiwa na wafugaji wa Marekani, sioni sababu ya kuwaleta kwenye mji wenye joto hili, wakitoroka hatutawarudisha.

Unga wa kalsiamu, usikosee duka

Nyenje, panzi na funza wa unga lazima wapakwe unga wa kalsiamu. Waweke kwenye mfuko na unga kiasi cha ncha ya kijiko, tikisa, walishe papo hapo, kwani nyenje hujisafisha baada ya muda mfupi. Kwenye duka la pembejeo utakuta magunia yanayofanana. Chokaa ya lishe ya kuku ndiyo unayoitaka, isagwe na kuchekechwa mpaka iwe laini. Unga wa mifupa na DCP, yaani fosfeti ya kalsiamu ya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo, vina fosforasi ndani yake, na fosforasi tayari unayo ya kutosha kwenye mdudu. Chokaa ya kupaka ukutani usiiguse kabisa, inaunguza mdomo na macho. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kutwangwa, yanafaa sawasawa na hayo ya dukani.

Vitamini D usiinunue kama kinyonga anaota jua. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Saa moja au mbili za jua la asubuhi kwenye kizimba cha wavu, kivuli kikiwepo upande mmoja na majani yakinyunyiziwa maji anywe matone, zinatosha. Jua la kupitia kioo halihesabiki.

Nani achague nini

Mwenye ua Buhongwa, Kayenze au Igoma: nyenje wawe mlo wa kawaida, BSF mara mbili kwa wiki, nzi wa BSF kila wanapopatikana. Huyu hana haja ya kitu kingine, na akizidisha atauza.

Mpangaji wa chumba na sebule: boksi moja dogo la nyenje wanaolishwa kabla ya kuota mbawa, kopo la BSF la kununua kila wiki mbili, funza wa unga kama akiba. Mfuge nyenje sebuleni na si chumbani, ukuta wa barabarani.

Anayeishi kwenye miinuko ya mawe karibu na ziwa anaweza kupunguza boksi lake kwa nusu msimu wa mvua na kuokota panzi, ila boksi lisife. Kuanzia Juni majani yanakauka, panzi wanatoweka, na kuanzisha nyenje upya wakati huo wa baridi kunachukua zaidi ya miezi miwili kabla ya mavuno.

Kinyonga mkubwa wa aina yetu anatosheka na wadudu wanne hadi sita wa saizi ya kati, mara moja kila siku mbili. Jike ukimshibisha kila siku anatengeneza mayai mengi kuliko mwili wake unavyomudu. Mtoto ale kila siku, kadiri anavyotaka kwa robo saa asubuhi, nyenje wa wiki ya kwanza au ya pili wasiozidi punje ya mtama. Kwa hiyo mwenye jike lenye mimba ahesabu nyuma: mayai ya kinyonga huchukua miezi mingi ardhini, muda unaotosha kabisa kuwa na maboksi matatu ya nyenje yaliyopishana, na lile la wadogo ndilo liwe kubwa kuliko yote.